Nakshi za Upande wa Ndani

Wivu ulimwamsha Aboubakar kabla ya adhana. Jioni ile mdogo wake Imani angeonyesha vikuku vyake vya shaba katika hoteli moja katikati ya Lubumbashi, ndani ya visanduku vya mahameli, kwa wake wa wakurugenzi wa migodi. Juu ya kila kisanduku lilikuwa limeandikwa jina la babu yao, Abibu, mfua shaba aliyetoka Maniema.

Aboubakar, mjukuu wa kwanza, alikuwa fundi wa kuunga mikufu iliyokatika sokoni. Kwa babu alirithi patasi ndogo ya kuchora nakshi. Imani aliiomba mara nyingi.

"Nitaona kazi kwanza," alimjibu.

Maana babu alikuwa na desturi yake. Kikuku chake kwa nje kilikuwa kitupu. Nakshi alizichora shaba ingali bapa, kisha akaikunja, zilale juu ya ngozi, azijue mvaaji peke yake. Aboubakar aliamini Imani amezigeuzia nje ziwaite wenye pesa. Akiliona kosa hilo, patasi haitoki mfukoni.

"Yaya, umekuya!" Imani alimpokea kaka yake katika ukumbi wa hoteli, akiigusa suti yake. "Na hii kostime! Njo ile ya ndoa yako?"

"Onyesha kazi."

Kikuku kilikuwa kitupu kwa nje. Akapitisha kidole gumba kwa ndani: nakshi zilikuwepo, nyembamba, mkono wa babu kabisa. Akachukua kingine, akakisogeza kwenye taa, akitafuta hata mstari mmoja uliopotoka. Hakuna. Mkono ule alioungoja maisha yote uje kwenye vidole vyake ulikuwa umempita, ukaenda kukaa kwa mdogo wake.

"Iko mubaya?" Imani alinong'ona.

Angesema ndiyo, angeaminiwa. Alijua hivyo, na akalionja neno lile mdomoni.

"Iko muzuri," alisema, kama mtu anayeng'olewa jino.

Akatoa patasi. Imani akanyoosha mikono yote miwili. Lakini Aboubakar akaizungusha kwanza, akachomoa mpini wa mti, akautia mfukoni.

"Yaya! Na mpini?"

"Ile njo miye nilichonga. Nkambo Abibu aliacha chuma. Chonga yako."

Imani alicheka hadi wageni wakageuka. Yeye hakucheka. Alirudi nyumbani kwa miguu, mkono mfukoni, akiufinya ule mti uliokwisha kushika umbo la kiganja chake.