Nilipaka Rangi Kabla ya Maji

Kosa langu la kwanza lilikuwa kupaka rangi. Chombo kilikuwa hakijagusa maji hata mara moja, sikujua kama kitazama au kitaelea, mimi nikakipaka rangi ya njano, nikasubiri ikauke, nikasugua kwa msasa, nikapaka tena. Nilipomaliza kilikuwa kinang'aa kama kimetoka kiwandani. Nikakiweka mezani, nikakaa kitandani kukitazama. Kuanzia pale, kila kilichobaki kufanywa kingekiharibu.

Nieleze ni chombo gani. Ni fremu ya mabomba membamba ya plastiki, ukubwa wake kama kreti ya soda. Mbele ina kamera, ile inayofungwa nyuma ya gari kumsaidia dereva anaporudi rivasi, nimeifungia ndani ya kikopo chenye kioo. Ina mota tatu ndogo, kila moja ndani ya kikopo cha vidonge kilichojazwa nta ya nyuki ili maji yasipenye, na kila moja inazungusha pangaboi ya kukisukuma majini. Waya mrefu unatoka kwenye chombo hadi nchi kavu, kwenye betri ya pikipiki, swichi na skrini ndogo. Unakizamisha, unakaa ukingoni, unaona kilichoko chini bila kulowana.

Yote hayo nilijifunza kwenye video za mtandaoni, kati ya mteja mmoja na mwingine, katika kibanda changu cha kutengeneza simu Mwanjelwa, Mbeya. Sikusomea popote. Labda ndiyo maana naogopa hivi. Aliyesoma akikosea anasema amekosea. Mimi nikikosea najisikia kama nimekamatwa.

Dada yangu ameolewa Kalenga, nje kidogo ya Iringa. Yeye na mumewe wanalima nyanya bondeni, chini ya bwawa dogo la tuta la udongo. Maji yanalifikia shamba kwa bomba la chuma lililolazwa chini ya tuta, lenye koki upande wa shambani. Kiangazi kile bomba liliziba. Hata koki ikifunguliwa yote, yalitoka maji ya kulowesha vidole tu. Na nyanya zilikuwa kwenye maua. Nyanya ikikosa maji wakati wa maua, inayapukutisha, na mwaka wako umekwisha hapo hapo. Walikuwa wanabeba ndoo, lakini kwa ndoo unaokoa matuta machache na mengine unayaangalia yakinyauka.

Shemeji alishazama mara moja kutafuta mdomo wa bomba. Alitoka anatetemeka meno, sikio linavuma, na alichokuwa ameshika kilikuwa tope. Ndipo dada, niliyekuwa nimeshamsimulia habari za chombo, akanipigia.

"Hiyo samaki yako imeiva?"

"Bado kidogo, dada."

Alipiga tena, na tena. Jibu langu halikubadilika.

"Sasa nitakuita hivyo hivyo, Bado Kidogo. Mbele ya watu, uone aibu."

Ukweli ni kwamba chombo kilikuwa hakizami. Nilikuwa nimekijaribu kwenye pipa la maji uani, kikaelea kimekaa vizuri juu, kikavu mgongoni. Mama mwenye nyumba alikuwa anaanika nguo. Akakitazama, akatazama na mimi.

"Mwanangu, umetengeneza bata."

Hewa ilikuwa imejaa ndani ya mabomba ya fremu. Dawa yake niliijua: unatoboa matundu, maji yanaingia, hewa inatoka. Kwenye video kila mtu anatoboa, wala hawalizungumzii sana. Nilishika drili, nikaiweka juu ya ile rangi, nikaiondoa. Nikaiweka tena. Nilisema nitatoboa kesho, kwa mkono uliotulia. Kesho yake nikafunga nati za chuma upande mmoja ili ziniongezee uzito. Kikainama. Nikakata vipande vya ndala kuukuu nikavifunga upande wa pili kukiinua. Kikainama kwingine. Nikahamisha nati, nikahamisha ndala, nikafungua skrubu zote nikazifunga upya ili michirizi ya vichwa vyake ielekee upande mmoja. Wateja walikuwa wanasubiri simu zao, mimi nanyoosha skrubu ambazo zingekwenda kuonwa na kambare.

Sikuweza kukaa. Nilikuwa nainuka kitandani kwenda kukigusa tu.

Kisha dada akapiga, sauti yake haina utani.

"Shemeji yako amesema Jumapili tukitoka kanisani anazama tena. Safari hii anajifunga kamba kiunoni."

"Mwambie asizame. Bomba likimvuta mguu kule chini je? Ni hatari hiyo."

"Hatari naijua. Ndiyo maana nakupigia wewe."

Jumamosi nikapanda basi la Iringa nimekipakata chombo mapajani. Kondakta aliuliza kama ni tenga la kuku. Kwenye begi nilibeba betri, waya, kamba ya manila, na kopo la rangi iliyobaki pamoja na brashi, ili kikichubuka njiani nikiguse guse. Hadi Makambako nilikuwa nimeshalifungua begi mara nyingi kuona kama kopo halivuji. Nauona ujinga wake sasa. Siku ile niliona ni uangalifu.

Jumapili, tukiwa bado na nguo za kanisani, tulisimama juu ya tuta la bwawa. Shemeji ni Mhehe, na utani wake kwetu Wanyakyusa hauishi.

"Kamwene, fundi. Nimesikia mnatengeneza vitu. Sikujua mnavipeleka na harusini."

"Ni rangi ya kuonekana majini, shemeji."

"Nani atakiona? Kule chini kuna watu?"

Nikakiweka majini. Kikaelea ubavu, mota moja iko nje inazunguka hewani ikipiga kelele kama nyuki aliyefungiwa chupani. Niliondoa nati moja, nikaongeza nyingine. Nikaomba dakika. Shemeji alianza kufungua vifungo vya shati lake, kimoja, halafu kingine, huku anayatazama maji. Dada alimwangalia mumewe, kisha akaangalia chini.

"Shemeji, vaa shati," nilisema.

Nilikimbia nacho hadi jikoni kwa dada, nikachomeka msumari kwenye makaa hadi ukawa mwekundu, nikaushika kwa koleo. Tundu la kwanza lilitoka limepinda. Rangi ilichemka, ikatoa moshi wenye harufu mbaya, na mduara mweusi ukabaki pale palipokuwa na njano safi. Nilitegemea kuumia zaidi. Tundu la pili sikulitazama. Kufika la mwisho nilikuwa natoboa tu, na nati zote nikazitupa chini ya meza.

Safari hii kilipoingia majini kilitoa mapovu, kikashuka taratibu kimekaa sawa. Nilikuwa nimekifunga kamba ya manila kwa kuogopa kukipoteza. Shemeji alinionyesha mahali alipodhani bomba lipo, nami nikakiongoza huko, macho kwenye skrini. Hakukuwa na cha kuona. Maji yalikuwa rangi ya uji wa ulezi. Nilikuwa nimepoteza wiki nzima kuchagua kioo cha kamera kisicho na mkwaruzo hata mmoja, kumbe ningeweka kitako cha chupa ya bia nione uji ule ule.

Halafu skrini ikajaa vitundu vidogo vyeupe, karibu sana, na mota zikanyamaza.

"Kimenaswa na nini?" dada aliuliza.

"Neti. Chandarua. Kuna mtu alivulia dagaa akakiacha, kimenyonywa na bomba. Pangaboi zimejisokota humo."

"Kwa hiyo hicho ndicho kilichoziba?"

"Nadhani. Subirini, nitakirudisha nyuma polepole."

Nilipojaribu kurudi, pangaboi zikajisokota zaidi. Nikajaribu mbele. Nikasema tusubiri betri ipumzike. Nikasema pengine tukiacha hadi kesho chandarua kitalegea chenyewe. Nilikuwa naongea haraka, na naungama hapa kwamba katika maneno yote yale sikuwa nafikiria nyanya. Nilikuwa nafikiria namna ya kukitoa chombo kizima.

"Vuta kamba," dada alisema.

"Kitavunjika, dada."

"Mdogo wangu, nyanya haziangalii televisheni. Vuta."

Shemeji aliteremka mbio akaifunga koki ili bomba liache kunyonya, akapanda tena, akashika kamba nyuma yangu. Dada akashika nyuma yake, gauni la kanisani amelikunja magotini. Tukavuta. Mwanzoni ilikuwa kama tunavuta tuta lenyewe. Nikasikia kupitia kamba kitu kikikatika, nikafumba macho, nikaendelea kuvuta. Mara tukarudi nyuma wote watatu, shemeji akakaa chini.

Kilichotoka kilikuwa furushi jeusi la chandarua, majani na tope, na katikati yake, kama mfupa ndani ya mchuzi, kipande cha njano. Fremu ilikuwa imevunjika kona. Mota moja haikuwepo.

Shemeji alifungua koki. Bomba lilikohoa, likatema tope, likakohoa tena, kisha maji yakaja, bomba zima, kwa mlio ambao sikuwahi kuusikia pale. Dada alishachukua jembe. Alikuwa anafungua mifereji, viatu vya kanisani kavitupa pembeni, anaita maji kama mtu anayeita mbuzi.

Nilipaswa kufurahi papo hapo. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kupiga magoti nikipekua tope kutafuta ile mota. Furaha ilikuja baadaye, jioni, nilipopita kwenye matuta udongo umekuwa mweusi, na hata hapo ilikuja imechanganyika na hesabu ya nini ningefanya tofauti.

Dada alivuna nyanya kiasi. Yale matuta ya mbali hayakupona. Wiki nilizopoteza na nati na ndala ndizo zilizoyamaliza, nami nilimwambia hivyo. Alijibu kwamba analijua hilo, nile ugali.

Kopo la rangi nililiacha kwake. Shemeji ameipaka koki, anasema ni ya kuonekana.

Sasa nina chombo kingine. Wasiwasi haujaniacha, bado nanyoosha skrubu. Lakini nilikitumbukiza kwenye pipa siku ile ile niliyounganisha fremu, kikiwa na matundu na bila rangi, na dada akiuliza kama kimeiva, namwambia kinavuja wapi na siku ninayokuja.