Muline ya bei rahisi na kitenge cha mama mkwe

Naona haya hata kuanza, ila nyinyi ni wenzangu, na bora mcheke mbele yangu kuliko nyuma yangu.

Baba yake Furaha, mchumba wangu, aliniita kwao Walikale tupange tarehe ya ndoa. Akasema kwanza tutavua samaki pamoja mtoni Lowa, ndipo tuzungumze (nikajua napimwa). Basi mimi mjanja nikapita dukani Nyabiondo kutafuta muline, ile mashine ndogo ya kukunja uzi wa ndoana, inayofungwa kwenye fimbo ya kuvulia. Zilikuwa mbili, moja ya bei kali, nyingine ya bei ya kutupa, inang'aa kuliko mwenzake. Mwenye duka akaniambia, "Kaka, iko sawa tu, rangi njo tofauti." Nikaamini! Pesa iliyobaki nikanunulia uzi wa nguvu kabisa, wa kuvuta hata ng'ombe.

Kule mtoni mzee akaitazama mashine yangu. Yake ilikuwa kuukuu, imechubuka rangi yote.

"Mukwe, hii iko mupya?"

"Mupya kabisa, Papa. Ya kisasa."

"Aya, tupa tuone."

Nikatupa kwa mbwembwe zote, na katikati ya safari mashine ikajifunga yenyewe, uzi ukasimama ghafla, ndoana ikarudi juu ya kichwa changu na kwenda kunasa kitu huko nyuma. Nikageuka. Mama mkwe! Alikuwa ameshuka na Furaha kutuletea chakula, akasimama mbali kwa adabu, maana kwao mkwe hamsogelei mama mkwe, na ndoana yangu imenasa kwenye pindo la kitenge chake.

Nikataka kulegeza uzi, mkono wa mashine ukang'oka ukabaki kiganjani mwangu. Mama akaona nani yuko upande wa pili, akapiga kelele, akarudi nyuma kwa heshima. Na mimi, kwa heshima hiyohiyo, nikarudi nyuma, fimbo nimeing'ang'ania. Kadiri tulivyoheshimiana ndivyo uzi ulivyokaza, naye ameshika fundo la kitenge kwa mikono miwili, na wanawake waliokuwa wakifua nguo wameacha sabuni ielee wakitutazama sisi. Nilitamani mto unichukue.

"Papa, kata uzi!" nikalia.

"Ngoja kwanza," akasema, "niko na samaki." Na kweli, akakunja mashine yake polepole mpaka akatoa kambale mnene, akamweka kwenye majani, ndipo akaja na kisu. Furaha alikuwa amekaa chini kwa kicheko, hana msaada wowote.

Sikula. Nilijua ndoa imekufa, nikaanza kufunga begi langu. Jioni Furaha akaja na maneno ya mama yake, maana yeye mwenyewe hawezi kusema nami:

"Mama anasema umuletee kitenge ingine. Na anasema, muntu ambaye alishikwa na haya vile na hakuachilia ile fimbo, hawezi kuachilia mutoto wake. Tarehe iko."

Nikalia, wenzangu, sina aibu ya kusema.

Sasa, mkiniuliza kama muline ya bei rahisi inafaa kununuliwa, nawajibu: mimi sinunui tena. Ndoa nimepata, lakini Lowa nzima hadi leo wananiita Mvua-mama-mkwe.