Mashubaka ya Bibi Tatu

Bibi Tatu wa Kwamndolwa alikuwa haoni, na ukimtoa daktari hakuna aliyejua. Sisemi haoni vizuri, haoni kabisa. Presha ya macho ililimaliza jicho la kwanza, ikahamia la pili, na daktari alishamwambia kilichokwenda hakirudi. Siri hiyo aliishika mwaka mzima na ushee, maana binti yake Hajira alishaapa kwamba siku macho yakigoma, atamhamishia kwake Handeni. Na Handeni Bibi Tatu hakutaki hata kwa dawa.

Aliwezaje? Mashubaka, ndugu yangu. Marehemu mumewe, Mzee Awadhi, alipokandika ile nyumba ya udongo aliacha mashubaka matano ukutani, usawa wa bega la mkewe, asihangaike kuinama wala kuchuchumia. La kwanza la chumvi, la pili kibiriti, kisha majani ya chai, dawa, na la mwisho tasbihi. Kwa miaka arobaini mkono ulikuwa ukienda wenyewe. Watu aliwajua kwa sauti na nyayo. Hajira naye kila akija alishikwa mkono na kuambiwa amekonda, na mwanamke gani atabisha akiambiwa amekonda?

Lakini wema nao una balaa lake. Juzi hapa, kabla ya Idi, Hajira alimpeleka mama yake harusini Makuyuni kwa siku nne. Huku nyuma fundi Gregori akaziba mashubaka yote, akapiga plasta ukuta mzima, akaweka na kabati jipya la buluu. Ilikuwa zawadi ya Hajira kwa mama yake.

Waliporudi, mama aliambiwa atazame. Akageuza uso huku na huku, akasema pazuri, Mungu akuzidishie. Hajira akafurahi. Mboga ilipochemka, Bibi Tatu akanyoosha mkono ukutani kutafuta chumvi. Ukuta laini. Akapapasa kushoto, akapapasa kulia, na mkebe wa chumvi uko juu ya kabati, karibu umguse kiwiko.

"Mama, chumvi hiyo mbele yako."

"Naiona," akasema Bibi Tatu, na mkono bado uko ukutani.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye aliumbuliwa na plasta. Hajira akakaa chini, akalia kwa uchungu. Akauliza tangu lini, akaambiwa. Akauliza kwa nini hakusema.

"Ningesema ungenichukua," mama akajibu. "Hapa mimi ni mwenye nyumba, mwanangu. Kwako nitakuwa mtu wa kuongozwa chooni."

Asubuhi yake Hajira alimwita Gregori aje na nyundo na tindo. Fundi akanung'unika, plasta yenyewe haijakauka vizuri, jamani! Hajira akamwambia atoboe. Akamsimamisha mama yake ukutani, na Bibi Tatu akaonyesha kwa kiganja: hapa chumvi, hapa kibiriti, mpaka la tasbihi. Gregori akatia alama moja moja, kisha akaanza kutoboa.

Kabati la buluu likahamia bandani, na sasa kuku anatamia humo.

Siku ya kuondoka, Bibi Tatu alimsindikiza binti yake hadi mlangoni, akamshika mkono.

"Umekonda, mwanangu."

"Nimenenepa, mama," Hajira akasema. "Gauni hili limenibana mpaka kupumua shida."

Wakacheka wote wawili, na Hajira akapanda bodaboda peke yake.