Mkono wa Mukandutiye

Mukandutiye alikuwa na mdomo mkali na mkono wa ajabu. Katika kampuni yake ya kukausha sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, walifanya kazi wanawake kumi na mmoja, lakini hakuna aliyethubutu kuondoa samaki kichanjani kabla yeye hajawafinya kiganjani na kusema, "Toa." Mama yake alimlea hivyo: ujuzi wa mkono hapewi mtu asiye wa damu yako. Na yeye hakuzaa.

Mwaka jana alianza kukohoa damu. Daktari wa Kigali hakumficha kwamba ni saratani. Hakumwambia mtu. Alimwita tu Valens, mshauri wa biashara aliyekulia Tanzania, bila kumtajia ugonjwa, kwa sababu hakutaka kampuni ife naye.

Valens hakuuliza mengi. "Mama, kaa nyumbani siku tatu. Usipige hata simu."

Akakaa. Siku ya nne alikuta vichanja vinanuka. Samaki walikauka, wakanyeshewa, wakaoza, na wateja wa soko la Mahoko waliondoka mikono mitupu. Wanawake wote walikuwa wameketi wakimngoja yeye.

"Umeozesha samaki yangu yote!" alimfokea Valens. "Weye ni mutu gani?"

"Hizi ni siku tatu tu, Mama. Je, ukilazwa miezi?"

Hakujua alichokisema, maskini. Mukandutiye aliketi chini palepale akalia mbele ya wafanyakazi wake, kisha akawaambia ukweli.

Kesho yake alianza kufundisha. Kila Jumatatu Valens aliwakalisha, kila mmoja aseme wiki iliyopita alikosea wapi, na bosi ndiye aanze. Hilo lilimuuma kuliko kikohozi. Mukandutiye alimchagua Xavérine, mfanyakazi ambaye yeye alizoea kumgombeza kuliko wenzake wote, wakafinya samaki pamoja mpaka Xavérine akajua.

Kisha akaenda kutibiwa miezi mitano. Alirudi amekonda, dawa zimemwachia ganzi vidoleni. Vichanja vilikuwa vimejaa. Akafinya, akasema, "Toa."

Xavérine naye akafinya. "Bado, mama. Ndani iko maji."

Wanawake wakamtazama Xavérine. Halafu mmoja mmoja wakawaacha samaki vichanjani, wakaenda kuosha makarai.

"Bon, sawa," alisema Mukandutiye. Alifurahi, na moyo ulimuuma vibaya sana. Akatafuta kiti, akaketi kivulini, na mpaka jioni hakuna aliyekuja kumuuliza kitu.