Boriti Sita za Yangdol

Siku Yangdol aliponyolewa nywele awe mtawa, baba yake alipanda mipopla minane kando ya mfereji. Msichana alikuwa na miaka kumi na minne. Baba alishindilia udongo kwa kisigino, akanyoosha mikono yake hewani kama anayepima kitambaa, akasema, "Sita itakuwa paa la chumba chako. Miwili ni ya akiba."

Kiangazi hicho hicho baba alivuka naye mlima wa Takmar, mwendo wa siku tatu, akajenga kuta nne za udongo kwenye monasteri ya wanawake ya Karlang. Upana aliupima kwa mwili wake mwenyewe: pima moja na shibiri, ili binti alale amejinyoosha. Kisha akarudi nyumbani, na binti akarudi naye. Kuta zilikuwa tayari, miti ilikuwa bado vijiti. Bonde letu ni mawe na vumbi. Mtu akifa, boriti za nyumba yake hugombewa kuliko shamba lake.

Mtoto wa kiume akienda utawani hupewa chumba, hupewa na shayiri ya mashamba ya monasteri. Wa kike hupewa joho jekundu, kisha hurudishwa nyumbani na joho lake kukusanya samadi. Ndivyo ilivyokuwa kwa Yangdol. Ngoja kidogo, aliambiwa, mdogo wako Morup aoe kwanza. Morup akaoa. Ngoja mtoto aache kunyonya. Aliacha, wakaja wengine watatu, wote wakalelewa mgongoni mwa shangazi yao. Mama akaugua miaka sita. Baba akafa. Mipopla ikanenepa, ikaangushwa, ikalazwa juu ya paa la nyumba ikauke, na Yangdol, ambaye sasa alikuwa na miaka arobaini na saba na magoti ya mtu wa sabini, alikuwa bado analala jikoni, amejikunja kati ya jiko na mlango.

Mwisho wa kiangazi kimoja, Lama Zotpa alikuja kijijini kufanya sala za mavuno, akaleta ujumbe kutoka Karlang. Alikuwa mzee mfupi mwenye meno mawili na maneno mengi.

"Dada Palkit anakusalimu," alimwambia Yangdol. "Anasema watawa wamekaa kikao. Kuta zako zisipopata paa kabla theluji haijafunga Takmar, zitapewa mtawa mwingine. Anasema amekutetea mpaka sauti imekauka."

Yangdol alikuwa anachekecha shayiri. Hakusimama. Jioni, mbele ya chakula, alimwambia mdogo wake, "Nataka boriti zangu."

Aliyategemea maneno yale yale ya kila mwaka. Mwaka juzi Morup alisema zitafaa chumba cha wageni, maana siku hizi watu wa mbali walikuwa wanapita kutembea milimani na wanataka mahali pa kulala. Lakini safari hii alifuta siagi kwenye masharubu, akasema, "Zichukue, dada. Ni zako."

"Zote sita?"

"Zote sita. Chukua na punda. Barabara imefika hapo chini, nimeshapata mbao za lori, zimenyooka kama fimbo ya askari. Nani tena anahangaika na mipopla?"

Mkewe, Lhazes, aliinuka ghafla kwenda kuangalia jiko lililokuwa linawaka vizuri tu.

Asubuhi Morup mwenyewe alimfunga punda mzigo, boriti tatu ubavu huu na tatu ubavu ule. Yangdol alizihesabu mara mbili, kwa kuzigusa. Lhazes alimletea unga wa shayiri uliokaangwa na bonge la siagi kubwa kama kichwa cha mtoto.

"Yote hii, wifi?" Yangdol aliuliza. Katika miaka ishirini na sita Lhazes hakuwahi kumkatia siagi bila kuipima kwanza kwa jicho.

"Njia ni ndefu," Lhazes alisema, akitazama kwato za punda. "Na usikae sana huko. Ng'ombe wanakujua wewe."

Aliondoka na Lama Zotpa, aliyekuwa anarudi upande ule. Siku ya kwanza walifuata mto. Walipofika kwenye ukuta mrefu wa mawe ya sala, waliupita ukiwa mkono wao wa kulia, kama inavyopasa, ingawa njia ya upande huo ilikuwa imeliwa na maji na ncha za boriti ziligonga mwamba kila hatua mbili. Njia ya upande wa pili ilikuwa pana, kavu, imetulia.

"Punda angependa upande ule," alisema lama.

"Punda hana dhambi za kupunguza," alijibu Yangdol. "Sukuma."

"Mimi na wewe tunazo?"

"Wewe sijui. Mimi ningetaka kujua nilipata wapi nafasi ya kuzitenda."

Lama alicheka mpaka akakohoa. Yangdol hakucheka. Alikuwa anasukuma kwa bega, na bega lilikuwa linauma pale pale lilipoumia mwaka wa kumbeba mama.

Siku ya pili walikutana na wageni wanne, wana fimbo za chuma na nyuso zilizopakwa dawa nyeupe, na kiongozi wao kijana wa bonde la jirani. Mwanamke mmoja wao aliinua kamera, akasema kitu.

"Anasema una amani kubwa usoni, mama," kiongozi alitafsiri.

"Mwambie ni kiu."

Kijana alisita, kisha akamwambia yule mwanamke jambo refu, na wageni wote wakakutanisha viganja kifuani kwa heshima. Mmoja akampa Yangdol peremende. Aliiweka shavuni, akaendelea kupanda, na utamu ukaisha kabla ya kona ya tatu.

Kutoka hapo ni kupanda tu. Takmar si mlima wa kuangusha mtu. Ni mlima wa kumchosha. Unaona vitambaa vya sala juu, unadhani umefika, unafika unakuta ni bega tu, na vitambaa viko mbele zaidi. Yangdol aliupita mara thelathini na moja maishani mwake, kila kiangazi kwa siku nne za sala kuu, na kila safari alipanda kuta zake na bakuli la udongo, akaziba nyufa za juu zilizochimbwa na theluji, huku watawa wenzake wanakunywa chai kwenye vyumba vyao. Palkit alinyolewa naye siku moja. Baba yake Palkit alikuwa na mtoto wa kike mmoja tu wa kupeleka utawani na hakuwa na miti. Aliuza farasi, akanunua boriti, akamaliza. Yangdol hakumwonea wivu Palkit. Alimwonea wivu yule farasi, aliyefaa kitu kwa mtu fulani mara moja na kwisha.

Walipumzika chini ya kilele. Punda aligeuka kuukimbia upepo, ncha za boriti zikawa usoni mwa Yangdol. Miti ilikuwa na rangi ya majivu kwa kulala juani miaka mitatu. Ncha zilikuwa nyeupe.

Lama naye aliziona. "Zimekatwa juzi hizi," alisema.

"Atakuwa alizipunguza kwa ajili ya punda."

"Morup? Alifikiria punda?"

Yangdol alikaza kamba ya mzigo. Pumzi ilikuwa ndogo, na alichoka hata kufikiri. Alijiambia kwamba mtu hubadilika. Alimlea yule mtoto, alimtafunia chakula akamtia kinywani. Huenda kitu kilibaki. Walipofika juu, lama alipaza sauti kama wasafiri wote, "Miungu imeshinda!" Yangdol alifungua kinywa, ikatoka hewa tu.

Siku ya tatu mchana walifika Karlang. Dada Palkit alikuwa uani anageuza samadi ikauke, mikono ya nguo imekunjwa, joho limefungwa kiunoni. Alipoona punda, aliacha kila kitu.

"Umekuja! Na nilishasema utakuja na hadithi tu." Aliwaita wengine. "Njooni mwone! Yangdol ana paa!"

Walishusha mzigo. Watawa wawili vijana walipanda juu ya ukuta, mmoja huku na mmoja kule, wakapewa boriti ya kwanza. Wa kulia aliilaza ukutani. Wa kushoto alinyoosha mkono, akainama, akainama zaidi.

"Ivute kwako kidogo."

"Nikiivuta huku inatoka."

Waliiteremsha, wakajaribu ya pili. Ya tatu. Palkit alipima ya nne chini, kwa kiganja, polepole, vidole vyake vikitembea juu ya mti kama kiwavi.

"Zimepungua shibiri mbili," alisema. "Zote."

Mtawa mmoja kijana alibaki juu ya ukuta, hajui ateremke au akae.

Yangdol alijiketia juu ya mzigo wake. Sasa aliliona bonge la siagi vizuri. Lhazes alijua. Morup alizikata kwa kipimo cha chumba cha wageni, lori likaleta mbao bora, na zile zilizobaki bila kazi akampa mwenye nazo, kwa moyo mkunjufu, akamfungia na kamba. Wala hakudanganya. Dada aliuliza kama ni sita, naye akasema sita.

"Nilizihesabu," Yangdol alisema. "Mara mbili. Sikuzipima."

"Ungezipimaje, zimefungwa?"

"Kwa mikono. Ninayo." Aliitazama. "Nilifurahi, Palkit. Ndiyo maana."

Palkit aliketi karibu naye. "Rudi mwakani na nyingine. Nitazungumza na wenzangu tena."

"Sauti si ilikauka?"

"Itarudi."

"Miwili ya akiba Morup alichongea nira mwaka wa harusi yake. Hakuna nyingine." Yangdol alisimama kwa kushika paja, goti likalia. Aliingia kati ya kuta zake nne, chini ya mbingu, akatembea kutoka upande huu hadi ule. Akarudi. Akapiga ukuta wa kaskazini kwa kiganja. "Nipe jembe," alisema. "Na mtu aniazime kikapu cha mawe."

"Ya nini?"

"Kama boriti haziufikii ukuta, ukuta utazifuata."

Palkit aliinuka. "Utajenga ukuta ndani ya ukuta? Upana wa mkono mzima? Chumba kitakuwa kabati!"

"Kabati langu."

"Baba yako alipima ili ulale umejinyoosha."

"Baba yangu alifanya mambo mengi mazuri," Yangdol alisema, "akaniacha na Morup."

Lama Zotpa alikuwa anakunywa chai ya siagi mlangoni, anasubiri kuambiwa la kufanya. Angerudi kijijini baada ya siku mbili kumalizia sala za kupepeta, na Yangdol alimkabidhi kamba ya punda.

"Mrudishe. Morup asije akasema nimemwibia."

"Na nikiulizwa boriti zilikuwaje?"

"Mwambie zimetosha."

Lama alikuna kichwa. "Mimi ni mtu wa dini, dada yangu. Nikaseme uongo?"

"Nenda polepole. Ukifika, utakuwa ukweli."

Alibeba mawe kutoka mtoni siku sita. Hakuna kilichokuwa chepesi. Udongo ulikuwa unaganda asubuhi, akaukanda kwa maji ya moto, na ngozi ya vidole ikapasuka. Palkit alimsaidia siku zote sita, na siku zote sita alilalamika: kwamba jiwe hili ni la mviringo, kwamba mtu wa umri wao anapaswa kuwa ameketi, kwamba kaka wa namna hiyo angezaliwa tena akiwa boriti. Siku ya saba walilaza zile sita. Zililala. Juu wakaweka matawi ya mbigili, majani makavu, udongo, wakakanyaga kwa miguu mitupu wakishikana mabega ili wasianguke. Siku ya tisa, asubuhi, Takmar ulikuwa mweupe kuanzia kilele hadi magotini. Hakuna ambaye angeuvuka tena mpaka majira mengine, si kwenda wala kuja, si punda wala ujumbe kwamba ng'ombe wanamwulizia.

Yangdol aliingia, akafunga mlango. Alisikiliza. Hakuna aliyemwita. Alisubiri kufurahi, na furaha haikuja, au ilikuja imechoka kama yeye na kuketi pembeni. Alitandika mkeka wake, akajilaza mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya tangu utotoni. Kichwa kiligusa ukuta wa baba yake. Alinyoosha miguu, na kabla magoti hayajanyooka nyayo zikagusa ukuta wake mwenyewe, ambao ulikuwa bado na unyevu.

Akakunja miguu tena, kama jikoni. Akalala.