Ngamia Aliyekauka na Baba Aliyeendelea Kukamua

Sisi tuliokulia Bute, mji wa wafugaji kaskazini mwa Kenya, miaka ya tisini tulikuwa na utajiri ambao watoto wa leo hawaujui. Tuliokota mifupa ya mbuzi, tukaiita ngamia, tukaichunga mchana kutwa na kugombania visima vya kuchora mchangani. Shuleni tulikula mahindi ya manjano yaliyochemshwa na maharagwe. Madrasani tuliandika kwa wino wa makaa juu ya ubao, na mwalimu akisharidhika tulifuta aya kwa maji, tukarudi nyumbani na vidole vyeusi. Chai ilinukia moshi, kwa sababu hooyo, mama yangu, alikifukiza chombo cha maziwa kwa kijinga cha moto kila siku.

Ngamia wangu mimi hakuwa wa mifupa. Nilipozaliwa, baba alifunga kipande cha kitovu changu kwenye mkia wa ngamia jike mchanga. Ndiyo desturi yetu: ngamia huyo na uzao wake huwa mali ya mtoto. Watu walimcheka, kwani jambo hilo hufanyiwa zaidi watoto wa kiume. Baba akawajibu, "Kwani kitovu cha msichana hakifungiki?"

Nikiwa darasa la kwanza, wazazi wangu waliachana. Baba alitaka kuifuata mvua pamoja na kundi lake, hooyo alitaka kubaki mjini na duka lake la sukari na majani ya chai. Hapakuwa na ugomvi mkubwa. Walichoka tu, mmoja kuhama, mwingine kungoja.

Wazee wakakaa na sheikh wetu. Wakaamua kwa sheria ya dini: mtoto abaki na mama, baba amlishe. Chakula changu kikawa maziwa ya ngamia wangu, basi ngamia akafungwa uani kwetu. Ili upande wa baba nao usione umenyimwa, ndama wake akapelekwa kundini. Siku ngamia akikauka maziwa, wakasema, atarudi kwa wenzake, na baba hatakuwa tena na haja ya kuingia ua ule. Wakasoma Fatiha, wakanywa chai, wakaondoka wameridhika.

Walisahau mambo mawili. Ngamia hashushi maziwa bila ndama wake. Na kwetu wanawake hawakamui ngamia, nasi tulikuwa wanawake watupu: hooyo, mimi, na ayeyo, bibi yangu. Jirani alijitolea kukamua. Ngamia akamtupa kwenye ua wa miiba, naye akaenda swala ya adhuhuri akiwa amefunika kanzu yake iliyochanika kwa shuka.

Ngamia alilia usiku kucha, na ndama akamjibu kutoka malishoni. Alfajiri ndama akaja mbio, akasimama mlangoni petu, na baba akifuata nyuma akihema.

Wazee wakakutana upya. Wakaamua baba aje na ndama kila alfajiri, akamue, aondoke. Lakini kwa kuwa hooyo hakuwa tena mkewe, wakamwagiza amtazame ngamia, si nyumba.

Baba alilitii agizo hilo kwa namna ambayo sijawahi kuiona tena. Alisimama kwa mguu mmoja, bakuli juu ya goti, uso ameuzika ubavuni mwa ngamia, na mazungumzo yake yote yakawa na ngamia.

"Ewe mnyama," alisema, "nasikia binti yangu anakohoa."

Hooyo, akiwa jikoni, alimjibu kupitia kwa sufuria. "Sufuria, mwambie huyo ngamia kwamba kikohozi kimepoa."

"Ewe mnyama, na hesabu za shule anazijua?"

"Sufuria, hesabu anazijua. Kilichomshinda ni Kiingereza."

"Nimuulize ngamia huyu," ayeyo alisema, "kama anakunywa chai au tuimwage." Baba akanywa, amegeuka nyuma.

Mimi ndiye niliyemshika ndama kwa kamba. Baba alipomaliza alinipapasa kichwa kwa mkono wenye joto la maziwa, akaenda. Hicho ndicho kilikuwa kipimo changu cha baba kwa siku, nami nilishiba nacho.

Kisha ukaja jilaal, kiangazi chetu kirefu. Maziwa yakapungua, povu likatoweka. Baba alikuwa akisema lazima apeleke kundi mbali, na mimi nilijua maana yake: ningemwona kwenye Idi tu, kama nguo mpya. Madrasani, wenzangu walipoomba mvua, mimi nilikiombea kiwele.

Ngamia akakauka.

Asubuhi ile baba alikuja kama kawaida. Alisimama kwa mguu mmoja, akakamua. Hakuna kilichotoka. Akakamua tena, kwa utaratibu wote, kisha akamimina bakuli tupu ndani ya chombo, akakifunika, akakiweka mlangoni kwa mikono miwili. Hooyo akakichukua kwa mikono miwili.

"Sufuria," alisema, "mwambie ngamia leo amepunguza kidogo. Alhamdulillahi."

Nikaletewa chai nyeusi kama wino wetu wa madrasa.

"Hooyo, hii haina maziwa."

Ayeyo akanifinya. "Kunywa maziwa yako."

Ikawa hivyo kila alfajiri. Kundi baba akamkabidhi ndugu yake alipeleke mbali, yeye akabaki na ndama mmoja. Bute nzima ilijua. Hatimaye yule jirani wa miiba akamshtakia sheikh kwamba kuna mtu anamkamua ngamia mkavu katika nyumba ya mwanamke aliyemwacha.

Sheikh akaja. Akakitazama kile kiwele kilichonywea, akakiinua chombo, akakipindua. Akaanguka mende.

"Unamkamua huyu?" akamuuliza baba.

"Kila alfajiri, sheikh."

"Nanyi mnapata?"

"Riziki yetu tunaipata," hooyo alisema, safari hii bila kupitia kwa sufuria.

Sheikh akaniinamia. "Wewe unashiba?"

"Nashiba, sheikh."

Akakirudisha chombo mlangoni. Kisha akamwambia jirani, "Mimi nimesomea fiqhi. Mambo ya ngamia siyajui. Siwezi kutoa fatwa kwamba huyu amekauka."

Sheikh huyo alizaliwa nyuma ya ngamia, na kundi lake lilikuwa kubwa kuliko la mtu yeyote mjini.

Basi baba aliendelea kukamua mpaka mvua, na baada ya mvua, na mpaka nikamaliza shule ya msingi.

Leo mimi ni mwalimu wa madrasa, na wazazi walioachana huniletea watoto pamoja na karatasi za mahakama: Jumamosi ni ya baba, likizo ni ya nusu kwa nusu. Siilaumu sheria, imewaokoa wengi. Vijana wa leo wana maziwa ya pakiti, wanadhani yanazaliwa kwenye friji, na baba zao huwapungia mkono kwenye kioo cha simu mpaka mtandao unapokatika. Namshukuru Mungu kwa vyote hivyo. Lakini Jumamosi jioni, ninapomwona mtoto amekaa kizingitini mwa madrasa na mkoba wake mgongoni, na simu inasema baba amepata dharura, huwa nampikia chai na kukaa naye. Baba yangu hakuwa na maziwa ya kuleta, na alikuja.