Kununua Nyumba na Fundi Bomba

Mume wangu anaitwa Spana na kila mtu. Hata mama yake mzazi ameshaliacha jina alilompa. Ni fundi bomba, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na mitatu. Ana mikono mipana, goti moja bovu kwa kupiga magoti kwenye vyoo vya watu, na ugonjwa mmoja usio na dawa: bomba likivuja mbele yake hawezi kukaa. Tukienda msibani atapotea, na ukimtafuta utamkuta uani, ameinamia koki ya wafiwa. Watu humsifu sana kwa hilo. Wanaomsifu hawaishi naye.

Mimi nashona sare za shule. Kwa miaka kumi na tisa cherehani yangu imekaa hatua moja kutoka kitandani kwetu, kwenye vyumba viwili vya kupanga, na Spana ameshakwenda kazini mara nyingi na nyuzi za bluu zimemganda mgongoni. Mwaka huu mwenye nyumba akatuita akatuambia, kwa adabu zote, kwamba mwanawe anaoa na anavihitaji vyumba vyake. Akatupa miezi mitatu. Tulikuwa na akiba ya kutosha kununua nyumba kuukuu, si ya kujenga mpya, na nikasema ni sasa au basi, maana ukihamia kwenye kupanga tena, akiba hugeuka kodi na hutaiona tena machoni. Spana akaniambia nisiwe na wasiwasi, nyumba kuukuu yeye anazijua kuliko waliozijenga. Ni kweli anazijua, na ndiko kulikotuponza.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mwalimu mstaafu aliyetaka kuhamia kwa binti yake. Tulipelekwa na dalali, mtu mwembamba mwenye simu tatu, ambaye njia nzima alikuwa akituambia kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikajiuliza, kama chajiuza, yeye analipwa kwa kazi gani.

Nikaanza kukagua nilivyojua mimi. Niliangalia dari kama ina madoa, nikajaribu milango kama inafunga, nikagonga plasta kwa kifundo cha kidole nisikie kama imeachana na ukuta. Bati la upande wa jikoni lilikuwa na kutu lakini halijatoboka. Nilipogeuka nimwambie Spana, Spana hayupo. Alikuwa chooni, amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono mzima ndani ya tangi. Akasema boya limekwama tu, dakika moja. Dakika hiyo ikazaa koki ya sinki, koki ikazaa bomba la bafuni, na tulipotoka hakuna tone lililosikika nyumba nzima. Mwalimu alibaki anafungua na kufunga mabomba yake, moja baada ya jingine, anacheka peke yake.

Kesho yake dalali akapiga simu kusema bei imepanda kwa sababu nyumba imefanyiwa ukarabati. Nikamuuliza ukarabati huo umefanywa na nani. Akasema hanisikii vizuri, akakata.

Nilipomgeukia Spana, alinijibu kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikamwambia wahenga hawakusema uzibe ufa wa mwenzio siku unayokwenda kuununua ukuta wake. Akakiri. Spana hukiri upesi sana, hiyo nayo ni sehemu ya ugonjwa.

Nyumba ya pili ilikuwa ya muuguzi mmoja mjane. Kabla hatujaingia nilimwapisha Spana mikono ikae mifukoni, na akaitia mifukoni nikiwa naona. Muuguzi alikuwa mkweli, hata nikampenda. Alituambia wazi kwamba anauza kwa sababu maji yanapanda kutoka chini ya sakafu ya jikoni, ankara inakuja ya hoteli wakati anaishi peke yake, na mafundi watatu wamekula pesa zake wakaondoka. Moyoni nikasema huyu ndiye muuzaji tunayemtafuta. Nikatoka nje nikaongee na jirani wa upande wa pili wa ua, nimuulize kuhusu mtaro, wezi na kelele. Sikukaa hata nusu saa.

Niliporudi, vigae viwili vya jikoni vilikuwa vimebanduliwa na kupangwa vizuri kando, na Spana amelala kifudifudi, shavu sakafuni. Ameshapata panapovuja. Kilikuwa kiungo kimoja tu cha bomba, kilifungwa vibaya tangu nyumba inajengwa. Muuguzi alikuwa amesimama juu yake na birika la chai, machozi yanamtoka, anatuambia kwamba hakuwahi kutaka kuondoka pale, nyumba ile aliijenga na marehemu, ni yale maji tu yalimshinda. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji alipona kweli, na mgeni alikuwa na siku arobaini za kuhama. Nilikunywa chai ile kwa hasira, na ilikuwa chai nzuri, jambo lililonikera zaidi.

Njiani sikumsemesha. Tulipokaribia nyumbani akajitetea.

"Mama yule hakuwa na haja ya kuuza," akasema. "Alikuwa na haja ya fundi."

"Na mimi nina haja ya nini?"

Nilikuwa nimechoka naye kweli kweli, si uchovu wa utani.

Nyumba ya tatu nilikwenda peke yangu. Spana nilimwambia napeleka sare. Dalali nilimwambia akifungua mdomo mbele ya mume wangu, dalali mwingine atakula udalali wake. Nyumba ilikuwa ya mfanyabiashara wa mbao aliyeirithi kwa mjomba wake na kuipangisha mpaka akaichoka. Ilikuwa na vyumba vitatu. Kimoja kilitazama barabara, chenye dirisha pana linaloingiza mwanga wa asubuhi, na papo hapo niliiona cherehani yangu imekaa pale. Nikauambia moyo utulie, bado hatujakagua.

Nilirudi mara nne. Nilikwenda asubuhi watoto wanapokwenda shule, nikaenda Ijumaa jioni kuisikiliza baa ya kona, nikaenda mvua inanyesha nikasimama barabarani na mwavuli nione maji yanaelekea wapi, mpaka jirani mmoja akaniuliza kama nimepotea. Maji yalielekea mtaroni, yakabaki mtaroni. Nilikagua kuta za nyumba za jirani kwa chini, nikitafuta ule mstari wa matope unaoachwa na mafuriko, sikuuona. Muuza mboga wa mbele, aliyekaa mtaa ule miaka kumi na mmoja, aliniambia kwamba maji hutoka siku tatu kwa wiki, kwamba baiskeli iliwahi kuibwa, na kwamba mbwa wa nyumba ya kijani humbwekea kila mtu isipokuwa mwizi. Nilipanda darini na tochi, nikatoka na mavi ya panya kwenye nywele, lakini mbao zilikuwa kavu. Ofisi ya ardhi nilikaa siku nzima kwenye benchi ili nihakikishe jina kwenye hati ni la yule yule anayeniuzia.

Kilichobaki ni kabati. Lilikuwa chumba cha nyuma, kubwa, limeegemezwa ukutani hata likaziba nusu ya dirisha. Hakuna mtu anayeziba dirisha lake kwa kabati bila sababu. Nikajifanya nachungulia nje, nikapenyeza mkono nyuma yake. Plasta ilikuwa baridi, laini kama mkate uliochovywa kwenye chai. Nikatoka nikaitazame mita. Mabomba yote yalikuwa yamefungwa, na kisindano kinazunguka polepole. Ukilala na fundi bomba miaka kumi na tisa, mengine yanakuingia tu.

Mfanyabiashara alisimama mlangoni akaniuliza kama nimeipenda rangi. Nikasema rangi nzuri. Yeye alikuwa akinificha ukuta, nami nilikuwa nikimficha kwamba nimeuona, tukaagana kwa heshima. Nilijua bei ile ya chini ilitokana na kabati, na nilimjua mtu wa kulitibu bomba lile kwa asubuhi moja. Sharti tu asilione kabla halijawa letu.

Mambo nusura yaharibike siku ya kusaini. Nilitaka tusainie kwa wakili, lakini muuzaji akasema wakili atakuja pale pale nyumbani, na karatasi ilihitaji saini ya mume na mke. Spana ikabidi aje. Nilimwambia utakaa, utasaini, hutagusa kitu.

Tulikaa sebuleni, wakili anasoma kila kifungu kana kwamba amekitunga yeye, mlango wa chumba cha nyuma uko wazi. Alipofika ukurasa wa pili niliona shingo ya Spana inageuka. Ameshasikia. Nikaweka mkono wangu juu ya goti lake bovu, nikaubana. Jasho likaanza kumtoka. Kwenye ukurasa wa tatu akainuka nusu.

"Samahani mzee," akamwambia muuzaji, "huko nyuma kuna..."

"Choo kiko nje," nikasema. "Utakwenda tukimaliza."

Muuzaji alitazama sakafu. Wakili akafunua ukurasa. Spana akanitazama, sijui aliona nini usoni mwangu, maana nilikuwa karibu kulia, akakaa. Akasaini, sikio lake liko chumba cha nyuma. Muuzaji alinikabidhi funguo na kuondoka haraka kuliko mtu aliyepata bei yake.

"Kuna bomba linavuja ukutani," Spana akasema, tulipobaki wawili. "Nyuma ya lile kabati."

"Najua. Tangu kabla hujafika hapa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungelitengeneza."

Akaenda akalisukuma kabati, akabandika kiganja ukutani, akashuka nacho polepole mpaka chini. Nikamwambia haya sasa, limalize, hakuna wa kukuzuia. Nilifikiri ataruka. Akakaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta ule ule uliolowa, akanyoosha miguu.

Kesho yake akasema kesho. Tukahamia, tukapanga vitanda, cherehani nikaiweka penye dirisha langu, na bomba linavuja. Keshokutwa yake akasema bado kidogo. Nilitandika matambara, nikayakamua, nikayatandika tena. Mita inazunguka na mimi nazunguka nayo. Mtu aliyeziba mabomba ya wauza nyumba wote wa mji huu, la kwake halimshughulishi. Siku ya tano nilichukua spana kwenye mkoba wake, nikamwekea mapajani, nikamuuliza anangoja nini hasa.

Alikuwa amekaa pale pale, anautazama ukuta.

"Sijawahi kupata bomba," akasema, "ambalo hakuna mtu anayesubiri nilimalize niondoke."